Mama Birika: Chai Kwanza, Habari Baadaye

Marehemu mama yetu, ambaye posta nzima ilimwita Mama Birika, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi bomba wa kiwanda hicho. Mama yake alichemsha chai alfajiri na alasiri, mvua inyeshe, jua liwake, na marehemu alizoea kusema kwamba utoto wake wote ulinukia sabuni na tangawizi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1966. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, hata mwalimu mkuu akampa kazi ya kuandika majina kwenye vyeti vya wenzake. Mwaka 1971 alihitimu kozi ya kupiga taipu.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa posta kuwa karani wa telegramu. Kwa wale waliozaliwa na simu mkononi, telegramu ilikuwa ujumbe wa maneno machache, na mara nyingi maneno hayo yalikuwa ya msiba. Wiki yake ya kwanza, mwanamume mmoja alisoma karatasi aliyokabidhiwa dirishani, akaanguka palepale. Kesho yake marehemu alifika kazini na birika, jiko dogo na vikombe sita. Tangu hapo, mwenye telegramu ya msiba alikalishwa kwenye benchi, akamiminiwa chai, na hakupewa karatasi yake mpaka amalize kunywa.

Meneja alifoka, "Dada, hapa ni posta, si mgahawa!"

"Najua, bosi. Lakini huyu ana safari ndefu, na tumboni hana kitu."

Ubaya ni kwamba mji ulimzoea. Siku moja alimwonea huruma fundi viatu aliyeingia ameloa chapachapa, akampa chai. Yule bwana akakitazama kikombe, akapiga yowe, "Mama yangu! Nani amekufa?" Telegramu yake ilisema mkewe amejifungua mapacha. "Aliyekufa ni usingizi wako," marehemu akamwambia, na watu wakacheka mpaka foleni ikavurugika.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na seremala aliyekuwa akija kila wiki kumpelekea kaka yake telegramu zisizo na kichwa wala miguu, ilimradi tu afike pale dirishani. Walijaliwa watoto watatu. Seremala huyo, baba yetu, alifariki ghafla kazini tarehe 9 Mei 1998. Siku hiyo marehemu aliwaketisha watoto wake mezani, akawamiminia chai, akasubiri. Kitindamimba alikunywa polepole sana, kwa makusudi. Alipomaliza, ndipo wakaambiwa.

Alistaafu mwaka 2006, lakini birika halikustaafu. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni lilikuwa jikoni, na jirani aliyepita bila kuonja alisemwa wiki nzima. Chai ya kawaida kwa Mama ilikuwa na porojo: nani kaoa, nani kanenepa, mbwa wa nani kaiba nyama. Akikumiminia kisha akaketi mbele yako kimya, ulijua kuna jambo. Nyumbani kwetu hilo halikuhitaji maelezo, na ndiyo maana binti yake wa kwanza, anayesoma wasifu huu, hana kisingizio.

Jumamosi tarehe 8 Machi 2025 Mama alimpigia simu: "Mwanangu, njoo tunywe chai." Binti akaenda. Alimiminiwa kikombe pomoni, na Mama akaketi mbele yake, mikono juu ya meza, kimya. Hajafika hata nusu, simu ikaita kutoka ghala analolisimamia. Lori lilikuwa limefika na mzigo bila hati. Akainuka.

"Nisamehe, Mama. Nitarudi kesho."

"Haya mwanangu. Kazi ni kazi."

Kesho yake hakurudi, wala wiki iliyofuata. Huenda moyoni alijua, na huenda ndiyo sababu aliinuka.

Tarehe 2 Juni Mama alizidiwa, akalazwa hospitali kuu. Daktari alimpa binti habari wakiwa wamesimama koridoni, machela zikipita: saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshasambaa. Kisha akaongeza, "Lakini Mama mwenyewe anajua tangu Februari." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama hakuficha. Alikosa wa kumsikiliza, na jambo hilo linauma, tena litaendelea kuuma.

Jumatano tarehe 11 Juni, saa ya kuona wagonjwa, binti alifika wodini na chupa ya chai. Mama hakuweza kunywa tena. Alilowanishwa midomo kwa pamba. Binti akamimina kikombe kimoja, akavuta kiti, akakinywa chote mbele yake, kingali cha moto.

"Mama, nimemaliza. Niambie."

"Si daktari ameshakwambia?"

"Wewe hujaniambia."

Mama akaeleza tangu mwanzo, kwa sauti ndogo: maumivu yalipoanza, alivyokwenda kupimwa peke yake, alivyorudi nyumbani akaogopa hata kuwasha jiko. Akamalizia, "Basi, binti yangu, ndiyo hivyo. Mama yako anaumwa, na hatapona." Binti alilia kama mtu aliyekuwa hajui lolote. Mama akamshika mkono na kungoja mpaka alipotulia.

Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka 73. Watoto wake wote watatu walikuwepo, na simu zao zilikuwa zimezimwa.

Ameacha dada yake mkubwa, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba na kitukuu mmoja, pamoja na makarani wenzake wastaafu ambao leo wamekuja wote.

Mwenyezi Mungu ampumzishe mahali pema. Aliyokuwa nayo ya kusema, Mama ameyasema. Nasi, ingawa tulichelewa, tumeyasikia.