Foronya ya Gauni la Kijani

Nisikilizeni wanangu, sogeeni kitandani, Dada mpakate Bonge asije akavuta huu mpira wa dripu, niseme harakaharaka kabla hawajaja kunichukua kwenda kupasuliwa, maana naogopa, siwadanganyi, naogopa mpaka meno yanagongana.

Mkirudi nyumbani mtakuta kabati langu tupu. Msishtuke, hatujaibiwa, ni mimi. Bibi yenu, mama yangu mimi, alipofariki, nikiwa na umri wako Dada, ndugu waligawana nguo zake siku ileile, kila mtu akaondoka na furushi lake, mimi nikabaki nanusa msumari aliokuwa anatundikia mtandio. Sikutaka na nyinyi mnuse msumari. Ndiyo maana nilishinda kwenye cherehani wiki nzima. Sketi yangu ya kazini ndiyo vile vitambaa vya kushikia sufuria, sweta ni mto wa Bonge, ndani nimejaza soksi zote zilizopoteza wenzake. Baba yenu akawa ananitungia uzi.

Shangazi yenu alinikuta na mkasi, akapiga kelele, “Wifi, umechizika? Nguo nzima unazifanya matambara!” Nikamwambia, “Tambara wifi yangu halina wa kuligombea.” Akakaa chini akalia. Tulinuniana miaka minne mimi na yeye, kisa hata sikikumbuki vizuri, siku ile yakaisha. Mheshimuni. Gauni la kijani alilitamani sana, basi mkanda wake mpeni yeye.

Cherehani ni yako Dada, isiuzwe, itie mafuta, na Bonge asiguse gurudumu.

Nikipona, nitatoka hapa sina hata nguo ya kuvaa, mtanivika foronya. Cheka basi, Dada. Cheka kidogo.

Hilo gauni la kijani... ndiyo foronya yenyewe. Upande mmoja sijaufunga, nilichoka. Sindano nimeichomeka palepale. Nisiporudi, umalizie kwa mkono, ukipinda acha upinde. Sikulifua, makusudi. Na wewe usilifue, mwanangu, mlilalie hivyohivyo, zamu kwa zamu, mpaka harufu iishe yenyewe.

Hao wanakuja na kitanda cha magurudumu. Mungu awakuze... awape usingizi mzuri. Bonge, niachie kidole, mama. Dada... mshike mwenzio. Mshike.