Habakuki Hiza na Mstari wa Nne wa Ukuta wa Nyuma

Ndugu waombolezaji, mliokaa mikekani na mliosimama uani kwa kukosa pa kukaa, wakubwa wote shikamooni, mimi ni Paulo Hiza, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu Habakuki Simeo Hiza, kama yalivyoandikwa jana humu ndani, mjane wake Agripina, ambaye wengi mnamwita Mama Paulina, akisikiliza kila neno, akafuta sentensi mbili alizosema zinampamba mno mumewe, akaongeza nyingine ambazo mtazitambua wenyewe mkizisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1930 huko Vuga, milimani Usambara, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Simeo Hiza na Mama Dorkasi, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba siku aliyozaliwa hakulia, alinuna, jambo ambalo waliofanya naye kazi hawatapata shida kuliamini.

Alianza shule ya misheni mwaka 1939, akasoma mpaka darasa la nane, na mwaka 1949, baada ya baba yetu kufariki, akateremka bondeni kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Hale, ambako alijifunza uashi kwa kujenga kambi za manamba, vibarua wa mkataba, vyumba virefu vilivyopangwa mstari, mlango mmoja na dirisha hakuna, na alikuwa akirudi likizo amekasirika hata chakula hakimshuki, anatuuliza sisi wadogo zake, ambao hatukuwa na kosa lolote, ni nani aliyesema maskini havuti hewa.

Tarehe 3 Agosti 1957, kanisani Vuga, alifunga ndoa na Agripina, na siku ya kumchukua mke alitamka mbele ya wajomba wa bibi harusi kwamba ndani ya miaka mitatu atamjengea nyumba yake mwenyewe yenye madirisha mawili makubwa mbele, na Agripina, aliyekuwa bado anamwamini, Januari 1958 akashona mapazia mawili ya buluu, akayapasi, akayakunja na kuyaweka sandukuni. Walijaliwa watoto watatu, Paulina aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1958, Petro tarehe 2 Mei 1961, na Matayo tarehe 17 Februari 1966, wote wamezaliwa kwenye vyumba vya kupanga, na kila walipohama sanduku lilihama nao, na mapazia yake ndani.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962, marehemu alichaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya mabwana maendeleo, miezi kumi, akafundishwa kutengeneza tofali za udongo kwa mashine ya kushindilia, kupiga msingi kwa saruji kidogo, na zaidi ya hayo kukaa na wanakijiji na kuwasikiliza kabla ya kushika mwiko, akapata cheti chake Machi 1963 na kupangiwa Korogwe, ambako alipanga chumba Kilole na kuiacha familia hapo alipohamishiwa Mazingara, wilayani Handeni, tarehe 15 Juni 1970, kuwa mkufunzi wa kituo kidogo cha kuwafundisha mafundi wa vijiji vya ujamaa na mabwana maendeleo wapya ujenzi wa nyumba bora za gharama nafuu.

Hapa tunaomba mtuvumilie, maana bila kulieleza jambo hili maisha ya marehemu hayaeleweki. Mwongozo wa kituo kile ulitaka kila kundi la wanakozi lijenge nyumba moja ya vyumba viwili, kuanzia juu ya msingi mpaka usawa wa lenta, juu ya milango na madirisha, kwa muda wa wiki sita, wapimwe na kupewa alama, kisha, kwa kuwa msingi ulikuwa mmoja tu na tofali zilikuwa zilezile, waivunje nyumba yote, waparue udongo kwenye tofali, wazihesabu na kuzipanga vizuri kwa ajili ya kundi litakalofuata. Makundi kumi na moja yalijenga nyumba hiyo na makundi kumi na moja yaliibomoa, marehemu akisimamia yote mawili kwa timazi la kupimia unyoofu mkononi, akiwagombeza kwa ukuta uliopinda siku ya Jumatatu na kuwaamuru wauangushe ulionyooka siku ya Jumamosi.

Mwaka 1974 watu walihamishiwa vijijini, na miongoni mwa walioletwa Mazingara alikuwemo Bibi Swaumu Mdoe, mjane, aliyeiacha nyumba yake shambani na kupewa mahali pa kujistiri kwenye kibanda cha nyasi kilichovuja, hatua kama thelathini kutoka nyumba ya mafunzo, na masika ya mwaka uliofuata, alipoiona nyumba inaangushwa yeye akiwa amejifunika turubai, alimwendea marehemu akamuuliza, baba, nyumba hii ina kosa gani hata kila ikisimama mnaiua, na marehemu alipomjibu kwamba ndivyo mwongozo unavyosema, Bibi Swaumu akamuuliza kama huo mwongozo nao unalala mvuani.

Swali hilo hakuweza kulitua. Aliandika barua nne akiomba nyumba iachwe ipauliwe na kundi lingine lipewe msingi mpya, akajibiwa moja, kwamba barua yake imepokelewa na inashughulikiwa, na kila mwisho wa mwezi alipokuja Kilole alizungumza habari za Bibi Swaumu tangu anavua viatu mpaka anavivaa tena, hadi Mama Paulina akamwambia kwamba hata humu ndani yumo mtu ambaye angependa nyumba.

Na kweli nyumba ilikuwa inakuja. Agosti 1976 marehemu aliarifiwa kwamba anafikiriwa kupandishwa cheo kuwa mkufunzi mkuu, pamoja na nyumba ya serikali hapahapa Kilole, yenye madirisha manne, na kwamba kilichobaki ni ripoti ya kundi la kumi na mbili tu, na Mama Paulina alikwenda kuiona nyumba hiyo mara tatu, akajuana na majirani, akapima madirisha kwa khanga yake na kuona mapazia yatatosha yale mawili ya mbele.

Jumamosi tarehe 27 Novemba 1976, kundi la kumi na mbili lilipokwisha kupewa alama, mwanakozi mmoja, Isihaka Mdoe, mtoto wa Bibi Swaumu, ambaye kwa wiki sita alijenga nyumba mchana na kulala kibandani na mama yake usiku, aliweka sululu chini, akasema, “Mwalimu, mimi kubomoa sikuja kujifunza.” Wenzake wanasema marehemu alilitazama timazi kana kwamba ndilo lililosema, halafu akafoka, kama kawaida yake, kwamba basi wanasubiri nini, kwani miti ya paa itajikata yenyewe. Kijiji kizima kilitoka, wanaume wakakata miti, wanawake wakaleta nyasi, na Jumanne jioni Bibi Swaumu akaingia na mafiga yake.

Mkaguzi alifika Jumatatu iliyofuata akiwa na fomu yenye nafasi ya kujaza idadi ya tofali zilizorudishwa, akakuta kuku wametulia kibarazani, akaamuru nyumba ivunjwe siku ileile, na marehemu akamkabidhi sululu, akamwambia aanze yeye, ila kwanza apige hodi maana mna mtu mzima ndani. Yule bwana akapiga hodi, akaamkia, akakaribishwa kigoda, ugali na mlenda, akatoka anafuta mikono na asiitaje sululu tena, lakini yote aliyoyaona aliyaandika.

Januari 1977 cheo kilipewa mtu mwingine pamoja na nyumba ya madirisha manne, na marehemu akapelekwa Hale kutunza stoo ya zana, mahali ambapo hakuwa na wa kumfundisha wala wa kumgombeza, na akakaa siku tisa bila kumwambia mkewe, mpaka mkewe akasikia kwa jirani aliyekwenda kuwapokea wapangaji wapya. Mama Paulina ametaka isomwe hapa kwamba alikasirika mwezi mzima, kwamba hakukosea kukasirika, na kwamba kama angekuwepo Mazingara siku ile na yeye angempa mkaguzi sululu hiyohiyo.

Mwaka 1979 marehemu alipata kiwanja hiki mlichokalia, na tukashukuru Mungu mapema mno, kwa sababu mtu aliyebomolesha nyumba kumi na moja alikuwa ameizoea kazi hiyo, akawa kila akifikisha ukuta usawa wa dirisha anashusha timazi, anaona mwanya usioonwa na mtu mwingine yeyote, anaangusha, na kusubiri kibali kingine cha saruji, ambacho kwa miaka hii wenyewe mnajua kinavyopatikana. Aliangusha mara nne. Mara ya nne Mama Paulina alipanga vyombo vyake juu ya lile sanduku la mapazia, akakaa barabarani mchana kutwa, akimwambia kila aliyepita kwamba anasubiri nyumba.

Tarehe 9 Juni 1983 marehemu alipatwa na kiharusi kilichoulemaza upande wake wa kulia, akalazwa hospitali wiki saba, na aliporudi chumbani kuta za nyumba hii zilikuwa zinaishia magotini. Mama Paulina, bila kumwambia, alituma salamu Mazingara kwa basi la Handeni, na tarehe 3 Septemba Isihaka Mdoe akashuka hapa na wanakozi kumi na wanne wa makundi mbalimbali, wengine sasa ni mafundi wakubwa wenye wanafunzi wao, wakiwa na miko yao na mabati yaliyokwisha kutumika mara moja, wakajenga.

Kila asubuhi walimbeba marehemu kwenye kiti na kumweka uani, naye akawasimamia kwa mkono wa kushoto, na siku ya sita akaonyesha ukuta wa nyuma, mstari wa nne wa tofali zao, kwamba umepinda, na ulikuwa umepinda, akaashiria waubomoe. Isihaka alishuka kwenye jukwaa, akapiga goti mbele ya kiti, akasema, “Shikamoo mwalimu, lakini hatubomoi,” na wenzake wote wakaweka miko chini. Marehemu aliwakazia macho mpaka adhuhuri, kisha akaomba uji. Kuna wanaosema alikuwa anacheka, Mama Paulina anasema alikuwa analia, na familia haikuafikiana.

Waliingia humu Jumamosi tarehe 22 Oktoba, mapazia yakatundikwa siku hiyohiyo, mnayaona, yamepauka kwenye mikunjo, na baada ya kulala usiku ishirini chini ya paa lake mwenyewe, juzi Ijumaa tarehe 11 Novemba 1983, saa tano asubuhi, kaka yetu akafariki, akimwacha mjane, watoto watatu na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoshwa na maneno yake, majirani wa Kilole mliowalaza mafundi majumbani mwenu, wafanyakazi wenzake wa Hale, mchungaji na wazee wa kanisa, na ndugu zetu Waislamu wa Mazingara mliosafiri tangu alfajiri, hasa Bibi Swaumu, ambaye hajiwezi tena kwa miguu na amebebwa kwa kiti kilekile.

Wiki moja kabla ya kufariki, marehemu aliagiza kwa shida, neno kwa neno, kwamba siku ya kusomwa maisha yake watu waelezwe kuwa mstari wa nne wa ukuta wa nyuma umepinda na kwamba si yeye aliyeujenga. Jeneza lake limewekwa mbele ya ukuta huo, kila mmoja anaweza kuutazama.

Tumewaeleza, kaka. Pumzika sasa kwa amani. Hatubomoi.