Filister Nyanchoka Odhiambo na Huduma ya Anua

(Wasifu huu unasomwa na kaka yake, Mayaka Nyangau)

Filister Nyanchoka alizaliwa tarehe 9 Machi 1987 mjini Isebania, mtoto wa pili wa Mzee Elkanah Nyangau na Mama Damaris Bochaberi, waliotoka Kisii kuja kuuza nafaka mpakani.

Alisoma shule ya msingi Isebania na sekondari Migori, akamaliza mwaka 2004. Likizo moja aliifungua redio ya Baba ikawa vipande vipande, akaiunganisha tena, skrubu mbili zikabaki mkononi. Redio ikasikika vizuri kuliko mwanzo. Mwaka 2008 alipata stashahada ya kompyuta mjini Kisumu, akarudi Migori kufundisha chuoni.

Tarehe 16 Desemba 2012 alifunga ndoa na Willis Odhiambo wa Kisegi. Walijaliwa Lynnet mwaka 2013 na Jared mwaka 2015. Mama mkwe wake, Mama Rispa, alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Kisegi. Aprili 2016 mvua ya ghafla ililowesha omena zake zote zikaoza, na Filister akamsaidia kuzizoa kwa koleo. Siku hiyo alimwambia Willis kwamba simu ya Mama ingeweza kumwonya mapema.

Aliacha kazi mwaka uliofuata, akaanzisha huduma ya Anua. Alifunga vipima hali ya hewa juu ya mapaa ya shule na makanisa kutoka Mbita hadi Kisegi. Mvua ikikaribia, simu za wanawake zilikuwa zikilia, na sauti ya Kiluo ikiwaambia waanue. Chumba walichopanga Mbita kilijaa nyaya na betri, kwa hiyo watoto wakapelekwa kwa Mama Damaris, Isebania. Walikaa huko miaka miwili. Filister aliwaona mara moja kwa mwezi, na safari moja Lynnet alimwita Auntie. Hakumsahihisha. Alirudi Mbita akaendelea na kazi.

Oktoba 2019 mtambo ulikosea. Simu hazikulia, mvua ikanyesha saa nne asubuhi, na Kisegi nzima ikapoteza omena za siku hiyo. Willis alishauri apige simu kuomba radhi. Filister alikataa, akaenda ufuoni mwenyewe. Mama mmoja alimuuliza, "Hii mashine yako inajua mvua ama inabahatisha?"

"Leo imebahatisha," alijibu. "Nifundisheni nyinyi mnaangalia nini."

Msimu mzima alianika pamoja nao, akiandika upepo uligeuka saa ngapi na mawingu yalitokea upande gani wa ziwa. Aliyoyaandika ndiyo aliyotumia kuufunza mtambo upya. Watoto walirudi nyumbani mwaka huo huo. Kufikia mwaka jana wanawake 3,100 walikuwa wakipokea simu za Anua, hadi ufuo wa Migori.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu Homa Bay mara mbili kwa wiki, kompyuta mapajani, mpaka Mama Rispa alipomwagiza aifunge. Aliifunga, akamkabidhi kazi mwenzake Dolphine.

Julai mwaka huu alimwita Lynnet kando ya kitanda. "Ile miaka ya Isebania sitakuambia ilikuwa lazima," alisema. "Nilichagua. Nisamehe."

Lynnet alimjibu kwamba alishamsamehe zamani. "Nilikuwa nangoja tu uitaje, Mama."

Walikaa pamoja mchana ule wote. Willis anasema hakuwahi kumwona ametulia namna ile tangu aanze Anua.

Filister alifariki asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Ameacha mume wake Willis. Watoto wake Lynnet na Jared. Wazazi wake Mzee Elkanah na Mama Damaris. Mama Rispa, aliyemwita binti. Nasi ndugu zake. Na wenzake wa Anua, ambao leo wameomba nafasi ya kubeba jeneza.

Pumzika sasa, Nyanchoka. Mungu akupe amani.