Vitabu vya Kutazama

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha udobi, uso kwa uso na geti la shule ya msingi, kwa hiyo mambo ya shule tunayajua kabla ya mwalimu mkuu. Serikali imetoa fedha kila shule iwe na maktaba, watoto wajue kusoma, na jana ya kwetu ilifunguliwa. Tulivaa mashati niliyoyapiga pasi mwenyewe, tukaenda kupiga makofi. Leo asubuhi tukarudi kwenye kazi yetu ya kweli, ambayo ni kudharau. Alikuwepo Wakili, kinyozi wa jirani, ambaye mahakamani alifika mara moja tu, tena kama mshitakiwa. Alikuwepo Mzee Taarifa, mlinzi mstaafu ambaye redio haimtoki sikioni. Waziri naye alikuwa na birika lake la kahawa, hiyo ndiyo wizara yake. Na Fundi Droo, seremala aliyetengeneza makabati ya hiyo maktaba, alikuja amevaa shati la jana.

— Mmeliona lile kufuli? — Wakili akaanza kabla kikombe hakijamfika mdomoni. — Kufuli la bohari, jamani! Vitabu ndani, watoto nje.

— Msiniangalie mimi, — Fundi Droo akasema. — Niliambiwa kabati la vioo lenye kufuli, nikatengeneza kabati la vioo lenye kufuli. Randa haiulizi maswali.

— Mwalimu mkuu anasema vitachafuka, — nikasema. — Mali ya serikali.

— Akiba haiozi, — akasema Mzee Taarifa.

— Akiba gani, mzee? Ni vitabu!

— Kitabu si karatasi? Umeona wapi karatasi imeoza kabatini?

Nikawaambia niliyoyaona. Asubuhi hii, kabla ya kahawa, nilikuwa nimepeleka mapazia ya maktaba, maana wamenipa niyafue ingawa ni mapya, ili yanukie. Wakaingia watoto wa darasa la tatu, mstari mmoja, mikono nyuma. Wakalizunguka kabati taratibu, wakatokea upande wa pili. Mwalimu akauliza, "Mmeona?" Wakaitikia, "Tumeonaaa!" Kengele ikalia. Hicho ndicho kipindi cha maktaba.

— Wanaaga maiti! — Wakili akacheka mpaka kahawa ikamwagikia goti. — Walitia na ubani?

— Mapazia tu.

— Sasa sikilizeni sheria inavyosema. Serikali imetoa fedha za nini? Maktaba. Maktaba ni nini? Nyumba. Nyumba ipo, imepakwa rangi, ina kibao. Kuna mtu ametaja kusoma? Kusoma ni fungu lingine. Litakuja na bajeti yake, na kamati yake, na semina yake ya siku tatu hotelini.

— Mwenda pole hajikwai, — akasema Waziri huku anamimina.

— Hajikwai kwa sababu haendi!

Mzee Taarifa akapunguza sauti ya redio. Akifanya hivyo, ujue uongo mkubwa unakuja.

— Nyie hamjui, mimi nimesikia. Wakaguzi watakuja. Mkaguzi akifungua kitabu akakuta ukurasa umekunjwa, au alama ya kidole, huo ni uharibifu wa mali ya umma. Mwalimu mkuu anakwenda ndani. Kitabu salama ni kile kisichosomwa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Hapo samaki ameingiaje?

— Ameingia. Wewe mnyoe mtu, methali niachie mimi.

— Mnahangaika bure, — Waziri akasema. — Vile si vitabu. Ni majalada matupu, ndani mmejaa maboksi. Mgeni rasmi alivigusa? Hakuvigusa! Alikata utepe, akapiga picha, akaondoka. Mtu wa serikali akiona kitabu cha kweli anakipapasa, hajawahi kukiona.

— Umekwenda mbali lakini hujafika, — Wakili akamjibu. — Ni vitabu vya kweli, ila wanavisubiri vizeeke. Kitabu kikizeeka kinaitwa kumbukumbu. Kumbukumbu inawekwa makumbusho. Miaka ishirini ijayo geti lile lina mtu wa tiketi, na wajukuu zetu wanalipa kiingilio kuona vitu ambavyo baba zao walikatazwa kushika.

Tukacheka sana. Fundi Droo peke yake hakucheka. Alikuwa anasubiri zamu yake tangu tulipokaa, na uso wake ulionyesha hivyo.

Wakati huo akafika mama mmoja mgeni, kahamia juzi nyumba ya uani, kuchukua mashuka yake. Hayakuwa yamekauka. Nikamwomba radhi, nikamsogezea nafasi, Waziri akampa kikombe. Akakaa pembeni, kama anavyokaa mtu asiyejua bado nani ni nani.

— Mmemaliza? — Fundi Droo akasema. — Haya. Kejelini serikali, kejelini kufuli langu. Lakini jana, mbele ya mgeni rasmi na mtaa mzima, nani alisoma?

Hilo lilikuwa jambo la haki. Bintiye, yuko darasa la mwisho, ndiye aliyeteuliwa kuwasomea wageni. Walimfungulia kabati, wakampa kitabu, akakifungua, akasoma moja kwa moja kama maji ya bomba. Alipomaliza wakakichukua, kikarudi, kufuli kah! Tulimpigia makofi mpaka viganja vikawasha.

— Alisoma kweli, — nikakubali. — Sauti kama mtangazaji.

— Mwanangu hatashika randa, — Fundi akasema, na sauti ikamlainika. — Mwaka huu anafanya mtihani wa kumaliza. Atafaulu, ataendelea. Mimi shule iliniacha njiani, barua zangu nasomewa na wateja. Yeye hapana. Wiki nzima hii alikuwa anausoma ukurasa ule aliopewa na mwalimu wake. Anaosha vyombo, anasoma. Anasuka nywele za mdogo wake, anasoma. Juzi umeme ukakatika, nyumba nzima giza, hata kiberiti hakionekani. Mwenzenu anaendelea kusoma! Mpaka mwisho wa ukurasa. Hakukosea hata neno moja!

— Wee! — akasema Waziri.

— Haki ya Mungu.

— Mtoto amebarikiwa huyo, — nikasema mimi.

Mzee Taarifa akatikisa kichwa kwa heshima.

— Si ndiyo maana wanasema elimu ni mwanga? Mwenye elimu, umeme wa nini?

Yule mama akaweka kikombe chini.

— Samahani, kaka yangu. Hapo gizani, alikuwa anasomaje?

Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia ya kwenda sokoni. Wakili akaanza kujifuta kahawa gotini. Mzee Taarifa akaanza kutafuta stesheni.

— Umeme ulirudi, — Fundi Droo akasema.

— Kabla haujarudi.

Nikajaribu kukumbuka jana. Nilikuwa mstari wa mbele, nimekaa kiti cha plastiki, karibu kabisa na yule binti. Nikakumbuka gauni lake, na soksi, na sauti. Macho yake yalikuwa wapi, kwenye kitabu au juu ya vichwa vyetu? Sikuangalia. Hakuna aliyeangalia, si mwalimu, si mgeni rasmi, si sisi mabingwa wa kudharau, na niliona aibu iliyonichoma kuliko pasi.

— Hakukosea hata neno, — Fundi Droo akarudia, lakini safari hii hakuwa anajisifu. Alikuwa ananiangalia mimi, kisha Wakili, kisha Waziri, mmoja mmoja, akisubiri mwenye utani autoe, mwenye methali aitie.

Waziri akainamia birika lake.

Ng'ambo ya barabara darasa jingine likapiga kelele: "Tumeonaaa!"

Fundi Droo akamgeukia yule mama, mikono imelala magotini.

— Dada, — akamwambia, — naomba uliulize tena hilo swali. Polepole.

Akaliuliza tena, polepole.