Punda Aliyevishwa Sweta

Benchi letu liko nje ya chumba cha kushonea cha Bi Sindano, na mguu wake mmoja ni matofali mawili. Mwenyewe hakai, anashona mlango ukiwa wazi asipitwe na neno. Mimi ni fundi viatu. Wenzangu ni Spana, fundi baiskeli, na Waziri, aliyewahi kuwa tarishi wa wizara, kazi ikaisha, cheo kikambaki mdomoni. Jumamosi hiyo asubuhi birika la kahawa lilikuwa bado zito, na kesi ilikuwa moja: Punda Msomi, yule wa kipindi cha watoto kwenye televisheni anayefundisha herufi. Anayemchora ni Kalamu, mwenzetu wa mtaa huu huu, yuleyule aliyechora mitindo ya nywele ukutani kwa kinyozi, meno yanayocheka kwenye kijitabu cha zahanati, na mkate wenye mikono kwenye mifuko ya duka la mikate. Wiki ya tano sasa punda wake alikuwa anatetemeka. Na asubuhi hiyo katokea kavaa sweta.

— Ni antena, alisema Spana. Ya kwangu nimeigeuza mpaka inachungulia kwa jirani, punda bado anatetemeka.

— Antena gani hiyo yenye kuchagua? Bi Sindano alidakia kutoka ndani. Herufi zimetulia tuli, anatetemeka punda peke yake.

— Ni umeme, akasema Waziri. Kituo kina nyaya chakavu. Punda anapigwa shoti kidogo kidogo. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

— Maji yameingiaje kwenye umeme? akauliza Spana.

— Si ndiyo hatari yenyewe hiyo!

— Na sweta je? nikamuuliza.

— Mpira ule. Kinga ya shoti.

— Mpira wa wapi? Ile ni sufu, alisema Bi Sindano. Mimi nawaambia Kalamu kapenda. Mkono wa mtu aliyependa hautulii.

— Hapana, hapana. Waziri alishusha sauti kama anayetoa siri ya serikali. Punda anaogopa mkaguzi. Mwalimu gani anakwama kwenye herufi M wiki nzima? Kuna barua imetoka juu. Mficha uchi hazai!

— Kwani nani anazaa? akauliza Spana.

Hapo ndipo Kalamu alipotokea, vidole vina wino. Hakukaa.

— Bi Sindano, naomba mto wa kukalia. Mzee anatoka leo.

Cherehani ikanyamaza. Mzee ni baba yake. Ndiye aliyeandika mabango yote ya mtaa huu, jina la kila duka, mpaka kiharusi kilipomchukua mkono wa kulia. Ilikuwa miezi minne hatujamwona nje.

Spana uzalendo ulimshinda.

— Kalamu, ndugu yangu, kabla hujaenda. Yule punda ana nini?

Kalamu alitazama nyuma, upande wa kwao, kisha akajikalia ukingoni mwa benchi.

— Ni mkono wa Mzee, alisema. Mwanzoni alikuwa anatazama ukuta tu. Chakula hataki, neno hatoi. Siku moja nikamdanganya. Nikamwambia, Baba, kazi zimenizidi, zahanati inataka kitabu, kinyozi anataka ukuta, nisaidie punda. Nikamwekea kalamu kwenye mkono wa kushoto. Sikio moja tu alilichora toka asubuhi mpaka adhuhuri. Lakini siku hiyo alikula, akaomba aongezwe. Basi tangu hapo punda anamchora yeye, mimi napaka rangi na kuandika herufi.

— Na kituo wakakubali? nikauliza.

— Wakubali wapi! Mama anayesimamia kipindi alinipigia. Akasema, mistari inatetemeka, inyooshe, la sivyo nampa mwingine. Nikakaa nikamchora punda upya. Akatoka kanyooka kama rula. Halafu nikamfikiria Mzee. Jumamosi anavaa shati lake la kutokea, anakaa mbele ya televisheni nusu saa kabla. Angejua tu si wake. Nikapeleka wa kwake.

— Wakakufukuza! akadakia Spana.

— Nilingoja hiyo simu siku tatu. Kumbe watoto nao walikuwa wanapiga simu kituoni. Hakuna hata mmoja aliyesema punda kachorwa vibaya. Wanasema anaona baridi. Wanauliza mama yake yuko wapi, kwa nini hampi sweta. Mama wa kipindi akanipigia tena, sauti imelainika. Akasema, mvishe. Nikachora sweta juu ya mistari ya Mzee. Sikugusa hata mmoja.

Bi Sindano alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa, akasingizia vumbi la uzi, akamtolea Kalamu mto.

— Mzee mwenyewe haoni kama punda anatetemeka, Kalamu alisema akiinuka na mto wake. Nawaomba, msimwambie.

— Nani, mimi? Waziri aligonga kifua. Debe tupu haliachi kuvuma!

Kutoka kwao mpaka kwenye benchi ni hatua hamsini. Kalamu na Mzee walizitembea taratibu mno, na sisi tukajifanya tunaongea mambo ya baiskeli. Mzee alikuwa kavaa shati la kutokea, kafungiwa vifungo mpaka shingoni. Tukasogeana. Nikamjazia kikombe nusu, asije akajiunguza. Alitazama mabango ya ng'ambo, moja moja.

— Ile N nimeikosea, alisema. Imekaa juu.

— Miaka yote hatujaiona, Mzee, nikamwambia.

Alikunywa kidogo. Maneno yake yalitoka polepole, kwa upande mmoja wa mdomo.

— Leo wamemvisha punda wangu sweta.

— Tumemwona, akajibu Spana. Imempendeza.

— Imempendeza, kweli. Akapumzika kidogo. Lakini nani kawaambia anaona baridi?

Spana alikagua viatu vyake. Ndani Bi Sindano alikuwa anaendesha cherehani, na chini ya sindano hakuna nguo. Waziri alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

— Sijui, Mzee.

Mzee aliutazama mkono wake wa kushoto. Kikombe kilikuwa kinacheza ndani yake, kahawa ikipanda ukingo huu na huu. Aliutazama kwa muda, kisha akamgeukia mwanawe.

— Waambie wasimvue, alisema.