Mwalimu Rozalia na Ungo Mtupu

Marehemu Mwalimu Rozalia Modest Chilumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 Lionja, Nachingwea, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Modest na Mama Lusiana. Alihitimu darasa la saba mwaka 1976, akasomea ualimu, na kuanzia 1981 hadi alipostaafu mwaka 2021 alifundisha shule ya msingi huko Mandawa, Ruangwa. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba hakuwahi kupaza sauti. Alinyamaza tu, na darasa zima likanyamaza naye.

Tarehe 30 Juni 1984 alifunga ndoa na Agapiti, mkulima wa korosho, wakajaliwa binti mmoja, Aurelia. Agapiti alifariki ghafla tarehe 9 Agosti 2012. Kwa desturi ya ukoo, kila kundi la waombolezaji likiingia, mjane hulipokea kwa kilio. Rozalia hakulia. Siku nzima aliosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Maximilian, mdogo wa Agapiti, ambaye ndiye anayeusoma wasifu huu, alimwambia mbele za watu: "Shemeji, hata chozi la kuazima huna?" Rozalia alichukua kikombe kingine. Baada ya arobaini, ukoo ulikata mguu nyumbani kwake. Aurelia alikuwa masomoni Dar es Salaam.

Mwaka 2022 walifika Mandawa vijana watengenezaji wa filamu, wakitafuta mama wa kuigiza sehemu ya mzazi anayeletewa habari ya kifo cha mwanawe. Wanawake waliojaribiwa kabla ya Rozalia waliangua vilio. Yeye, alipoletewa habari hiyo, aliendelea kupepeta ufuta.

"Mama, lia kidogo, watu waone," mwongozaji alimwomba.

"Akilia atakuwa amekubali, mwanangu. Huyu mama bado hajakubali."

Wakamwacha. Katika filamu hiyo ufuta unakwisha, na mikono yake inaendelea kupepeta ungo mtupu.

Filamu ilipooneshwa Ruangwa mjini, Desemba 2023, Maximilian alikuwa ukumbini. Alipouona ungo ule, aliviona vile vikombe. Alikuwa amechelewa sana kuelewa. Huenda hata leo hajaelewa yote. Alimsubiri Rozalia mlangoni.

"Shemeji, nilikukosea."

"Miaka kumi na moja, Maksi! Napika ugali wa mtu mmoja, haunogi hata kidogo." Kisha akacheka. "Jumapili uje. Na kuni ulete."

Alikwenda Jumapili hiyo, na nyingine zilizofuata. Hazikutosha.

Septemba 2024 Mwalimu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Dar es Salaam, kisha akaomba arudishwe nyumbani kwao, Lionja. Alifariki Nachingwea tarehe 3 Juni 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Aurelia. Aliacha agizo moja: siku ya maziko yake, asihesabiwe mtu machozi.

Ameacha binti, wajukuu wawili na shemeji. Mkimwona mmoja wao hapa kaburini amesimama bila chozi, mwacheni.

Mungu amjalie Rozalia pumziko lenye amani.