Aliingiza Miguu Mwenyewe

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu iliyokuwa ikitoka Nakivale na kufika Rwekubo kabla ya gari, leo haivuki hata mkeka huu. Ndiyo, nawaita wanangu, na wewe Kyomuhendo, mhudumu mwenzangu, usinune, najua unanizidi miaka minne na mimi sijafika hata thelathini na tano; lakini anayetangulia kuondoka ndiye mzee, kwa hiyo leo mimi Hudu, niliyeacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu alikuwa amebaki bila la kunifundisha, ndiye mzee wenu, na mtanisikiliza mpaka mwisho.

Tumalize mali kwanza, haitatuchelewesha. Baiskeli ni ya Swabulah, binti wa dada yangu, aache kuomba nafasi kwenye magari ya madereva wenye maneno matamu. Breki ya nyuma haishiki. Nakwambia sasa, mbele ya shahidi, usije ukaambiwa na mteremko. Redio ni yako, Kyomuhendo, inashika stesheni moja, ukiizaba kofi inashika mbili. Shuka hizi chomeni. Chumba chenyewe ni cha watu, na mtaa huu wote wa Nyamityobora hautajua kwamba nimetoka, kwa maana miezi mitatu nimelala hapa na kabla yenu hodi niliyopigiwa ni moja tu, ya muuza mkaa aliyekosea mlango; nikamshika kwa hadithi zangu mpaka akaniachia mkaa bure ili nimruhusu aende.

Sasa nililowaitia. Daftari mmelileta? Liweke hapa kifuani. Zito, kumbe.

Swabulah, wewe una miezi miwili tu ya kuhudumu katika nyumba yetu ya wasiojiweza, huijui habari ya daftari hili. Mtu akianguka, akiungua, akipewa dawa isiyo yake, huandikwa humu, ili kesho asianguke mwingine palepale. Ndivyo Bwana Herbert, msimamizi wetu, alivyokusudia, na hakuwa mtu mbaya. Ila aliongeza kwamba mwezi usio na kosa la mhudumu, kila mhudumu atapata nusu kilo ya sukari. Na huo ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, wakimbizi wamefurika Nakivale na magodoro kichwani, sukari unaipata kwa magendo au huipati. Kosa la mhudumu lilitunyima sukari, lakini aliyejiumiza mwenyewe hakuhesabiwa. Basi fungua usome mwaka ule: alianguka mwenyewe, alijikata mwenyewe, alijifungia mlango mwenyewe. Hujapata kuona watu wasiojiweza wanaojiweza namna hiyo.

Yayeri unamjua. Kuanzia shingoni kushuka chini hakuna kinachomtii, lakini maumivu anayasikia yote, na kwa kuwa kinywa hakitoi neno, “ndiyo” yake ni kutazama juu na “hapana” yake ni kufumba macho. Ila kucheka alijua. Nilikuwa nikimwambia jinsi nilivyomkimbiza chui kwa upawa, naye anafungua kinywa chote, bila sauti, mpaka machozi yanamtoka, nami nikajiona nimeumbwa kwa ajili ya kazi ile. Kyomuhendo alikuwa akinicheka, anasema, “Hudu, toa neno ‘mimi’ katika maneno yako tuone kama litabaki lolote.”

Asubuhi ile nilikuwa nimeapa kuosha miguu ya watu wanane kabla ya chai, maana Hudu hakushindwa na mtu kwa kasi. Nikakuta beseni lina maji. Wewe Kyomuhendo ulikuwa umemimina ya moto ukaenda kuleta ya baridi. Mimi nikadhani ndiyo ya baridi yenyewe, nikaongeza ya moto juu yake, sikutia hata kidole, nikaitumbukiza miguu ya Yayeri, nikageuka dirishani kumtania fundi aliyekuwa akipita. Nikasimulia chui wangu mpaka mwisho. Nilipogeuka kuvuna kicheko, nikamwona amefumba macho, amekaza kabisa, uso wote umelowa. Alikuwa akiniambia hapana muda wote ule, na mimi nilikuwa nimempa mgongo.

Ukaingia na jerikeni la baridi mkononi. Ukauliza, “Hudu, ameingizaje miguu?” Nikakujibu, “Nyabo, bibi wangu, unataka sukari au unataka maswali?” Ukaliweka jerikeni chini. Sikulaumu. Nilikununua kwa nusu kilo, na najua chai yako haijawahi kuwa tamu tangu siku hiyo, kwa sababu hata yangu haikuwa.

Nikaandika: Aliingiza miguu mwenyewe. Bwana Herbert akapitisha kalamu nyekundu, akaandika: vema. Miguu ambayo haijawahi kumfukuza nzi. Kila aliyesoma alimjua Yayeri, na hakuna aliyecheka wala aliyeuliza.

Na ubaya haukuishia hapo. Aliporudi kutoka hospitali hapa Mbarara, chini ya maneno yangu likaongezwa agizo: afungwe miguu kwenye kiti wakati wa maji, kwa usalama wake. Swabulah, usiangalie ukuta. Jana umemfunga? Najua umemfunga. Mgeni anafunga kwa sababu imeandikwa, mwenyeji ananyamaza kwa sababu aliandika, na miaka mitano sasa mtu asiyeweza kusogea anafungwa kamba asisogee.

Nami kila nilipoingia alifumba macho. Nilimletea chui, nikamletea hata simba, akafumba. Rwekubo nzima ilikuwa ikinichekea, nami katikati ya kelele zile natafuta uso mmoja tu. Ndipo nikaacha kazi, nikawaambia nimepata kubwa zaidi mjini. Kubwa zaidi ndiyo hii, mnaiona.

Nipe maji kidogo. Hapana, yapime kwanza... natania.

Swabulah, shika kalamu, mwandiko wako unasomeka. Usifute langu, liache lisomwe. Pembeni andika: Mimi, Hudu, niliingiza miguu ya Yayeri kwenye maji ya moto. Sikuyapima. Alinikataza kwa macho, sikumtazama. Usiniandikie tu kwamba maji yalikuwa ya moto, kana kwamba yalijichemsha. Na chini yake: kamba ifunguliwe leo. Kyomuhendo, weka jina lako, kwamba uliona. Sukari ikikatwa, ikatwe. Na akija mhudumu mwingine na kosa lake mkononi, mpeni kiti kwanza, msimpe uso wa askari, la sivyo ataandika kama nilivyoandika.

Mkifika kwa Yayeri, msimsomee mmesimama mlangoni. Kaeni mbele yake, mtazameni. Akifumba macho... amesema. Msimbembeleze kwa ajili yangu. Akitazama juu... basi, mtaona nyinyi. Mimi sitakuwepo kuuliza.

Mungu awape... awape subira ya kumtazama mtu mpaka amalize kusema kwa macho yake. Awalinde na mdomo kama wangu. Nimewaridhia, wote wawili... hata kamba ile, Swabulah, si yako.

Umeandika? Soma nisikie. Polepole.

Rudi nyuma... hapo kwenye “Mimi”.

Soma tena hapo.